Ufizi umefunika meno, mama ametupa dawa: nani alipaswa kumwambia?

Likasi, komini ya Kikula. Wiki hii niliahidi kusema juu ya bei ya makala na juu ya umeme unaokatika usiku. Nisameheni, hayo yatangoja. Nimeona kitu katika lupango moja hapa Kikula, na siwezi kuandika juu ya makala kabla sijakitoa moyoni.

Katika lupango hiyo kuna mama aliyetoka upande wa Mitwaba pamoja na watoto wake wanne. Familia ya Kikula imewapa chumba kimoja. Mtoto wa pili, kijana wa miaka kumi na mmoja, ana kifafa tangu alipokuwa mdogo. Karibu mwaka mzima alikuwa anakunywa fenitoini, vidonge vya miligramu 100, na kuanguka kulikuwa kumepungua sana. Alianza hata kurudi masomoni. Mama aliniita nikamtazame mdomoni. Alimfungua midomo kwa vidole viwili, nami nikaona ufizi, ile nyama inayoshika meno, umevimba na kushuka mpaka umefunika nusu ya meno ya mbele. Katikati ya jino na jino nyama imesimama kama vidole vidogo. Meno mawili ya juu yaliyokuwa yamesimama pamoja yameachana, moja limegeukia pembeni. Mtoto akicheka anaziba mdomo kwa mkono. Watoto wa barabara wamempa jina ambalo sitaliandika hapa.

Jirani mmoja akamwambia mama kwamba dawa ndiyo inamwoza mtoto. Mwingine akasema meno kuachana namna ile ni alama ya uchawi. Mama akachoka na maneno, siku moja akatupa vidonge. Siku ya nne mtoto alianguka mara tatu usiku mmoja. Mara ya tatu aliangukia mbabula. Mkono wa kuume umeungua kuanzia vidole mpaka karibu na kiko.

Mama aliniambia: "Papa, mi niliona meno inaharibika, nikasema afazali nitupe hii dawa. Kule wanatupatiaka dawa, hakuna mutu aliniambia kitu."

Nimelirudia neno hilo siku nyingi: hakuna mtu aliyemwambia kitu. Wengi wataandika kwamba mama ni mjinga. Mimi nasema hapana. Mama aliona jambo la kweli kwa macho yake mwenyewe. Dawa ile kweli ilikuwa inabadilisha mdomo wa mtoto wake. Alikosea katika kuikatisha ghafla, na hilo kosa si la kwake peke yake. Walioandika dawa, walioiuza, walioigawa, na wale walio juu yao wanaopanga semina na kununua vifaa, wote walikuwa na nafasi ya kusema sentensi tatu tu. Hawakuzisema.

Tena habari hii si mpya. Fenitoini ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1908 na mtaalamu wa kemia aitwaye Heinrich Biltz, lakini miaka thelathini ikapita bila mtu kujua kwamba inaweza kuzuia kifafa. Mwaka 1938 madaktari wawili wa Boston, Marekani, Houston Merritt na Tracy Putnam, ndio walioonyesha kazi yake. Ilikuwa furaha kubwa, kwa sababu dawa iliyokuwapo kabla yake, fenobarbitali, ile ambayo wengi wetu tunaiita Gardénal, ilikuwa inaleta usingizi mwingi. Sasa sikilizeni vizuri: mwaka uliofuata, 1939, daktari Kimball wa huko huko Marekani aliandika kwamba katika wagonjwa wake 119 waliokunywa fenitoini, asilimia 57 walivimba ufizi. Mwaka 1939! Likasi ilikuwa bado inaitwa Jadotville. Babu zetu walikuwa wanachimba shaba ya Wabelgiji, na tayari ilikuwa imeandikwa katika gazeti la madaktari kwamba zaidi ya nusu ya wagonjwa wake walipata shida ya ufizi.

Tangu hapo watafiti wamerudi juu ya jambo hilo mara nyingi sana. Wamekuta kwamba karibu nusu ya wanaokunywa dawa hiyo wanavimba ufizi, kwamba uvimbe unaanza miezi miwili au mitatu baada ya dawa ya kwanza, kwamba watoto na vijana wanashikwa zaidi kuliko watu wazima, na kwamba meno ya mbele ndiyo yanayoumia zaidi. Wamekuta pia kitu kimoja cha ajabu: pahali ambapo hakuna jino, ufizi kwa kawaida hauvimbi. Dawa inazichochea chembe zinazotengeneza nyuzi za nyama, ndiyo sababu watafiti wengine walijaribu hata kuipaka juu ya vidonda ili vifunge upesi. Lakini katika mdomo dawa haifanyi kazi peke yake. Inasaidiwa na ule uchafu laini unaokaa kwenye shina la jino. Uchafu ukiwa mwingi, uvimbe unakuwa mkubwa. Uchafu ukiondolewa kila siku, uvimbe unakuwa mdogo, hata kama hautaisha wote.

Na meno kwenda upande? Ufizi ulionenepa unasukuma. Jino la mtoto linasimama katika mfupa ambao bado ni laini, tena linasimama katikati ya nguvu mbili, ulimi kwa ndani na midomo kwa nje. Ukiongeza nyama ngumu katikati ya meno, meno yataachana au kugeuka. Kwa mtoto anayebadilisha meno ya utoto, jino jipya linaweza kuchelewa kutoka kwa sababu nyama ya juu imekuwa nene, au litoke likiwa limepinda. Hakuna uchawi ndani. Ni kama mzizi wa mwembe unavyosukuma ukuta wa lupango yako. Hauulizi nani amemroga mwenye nyumba.

Hapa nina maneno na hao watafiti wenyewe. Nimesoma kwamba mwaka 1997 watafiti wa Sweden waliwapa panya fenitoini na kuwafunga waya wa kunyoosha meno, ili kuona mfupa na ufizi vitafanya nini. Sina ubaya na kazi hiyo. Daktari wa meno anayefunga waya kwa mtoto mwenye kifafa anahitaji kuijua. Anahitaji kujua pia kwamba ni vizuri kungoja kwanza kifafa kitulie na ufizi utulie, na kwamba kifaa cha kuvaa na kuvua ni hatari kwa sababu mtoto akianguka anaweza kukimeza. Lakini oneni umbali. Panya wa Ulaya amefungwa waya wa meno, mtoto wa Kikula hana hata mswaki, ile tunaita burushi. Elimu imekwenda mbali sana juu ya kunyoosha jino, na ile sehemu ndogo inayoweza kuzuia jino lisipinde haijafika kwenye dirisha la dawa la kituo cha afya.

Kuna utafiti mwingine ambao ningependa kila muuguzi wa Likasi aujue. Ulifanyika India, ukachapishwa mwaka 2011. Walichukua watoto 120 wa miaka 6 mpaka 15 ambao walikuwa wanaanza fenitoini. Kundi moja walipewa asidi ya foliki, nusu miligramu tu kwa siku, kwa miezi sita. Kundi la pili walipewa kidonge kisicho na kitu. Katika kundi la pili, asilimia 88 walivimba ufizi. Katika kundi la foliki, asilimia 21. Fikirini tofauti hiyo. Na asidi ya foliki si dawa ya matajiri. Mama yeyote aliyebeba mimba na kwenda kupimwa anajua vile vidonge vya kuongeza damu. Foliki iko ndani pamoja na chuma. Lakini msikimbie sokoni kuinunua na kumpa mtoto wenyewe, maana foliki nyingi inaweza kupunguza nguvu ya fenitoini katika damu, na kifafa kikarudi. Hiyo ni kazi ya daktari. Swali langu ni hili: ni madaktari wangapi wa kwetu wamewahi hata kulitamka neno hilo mbele ya mama?

Najua jibu nitakalopewa, kwa sababu nilipoanza kuuliza nililipata mara mbili wiki hii hii. Wanasema: "Ndugu mwandishi, hapa watu wanakufa kwa malaria, watoto wana njaa, kolera inarudi kila mvua, na wewe unatuletea habari ya meno?" Wengine wanacheka kabisa. Meno kupinda, wanasema, ni shida ya watu wa runinga.

Ninawajibu hivi. Yule mtoto hakuungua mkono kwa sababu ya malaria. Aliungua kwa sababu ya meno. Meno ndiyo yaliyomfanya mama atupe dawa, na kutupa dawa ndiko kulikomwangusha kwenye moto. Dawa ya kifafa ikikatwa siku moja bila kupunguzwa polepole, ubongo unaasi. Kifafa kinaweza kurudi kwa nguvu kuliko mwanzo, mtoto akaanguka mfululizo bila kupata fahamu katikati, na hiyo inaua. Mtu akikakamaa na kutetemeka zaidi ya dakika tano, lazima apelekwe hospitali bila kungoja asubuhi. Kwa hiyo usiniambie kwamba meno ni urembo. Kwa mtoto wa kifafa, meno ndiyo yanayoamua kama atakunywa dawa kesho ama hatakunywa. Kijana wa miaka kumi na sita ambaye wasichana wanamcheka hatakuja kukuuliza ruhusa. Ataficha kidonge chini ya ulimi na kukitema nyuma ya nyumba.

Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema watu kama milioni 50 wana kifafa duniani, na karibu asilimia 80 wako katika inchi za kipato cha chini na cha kati kama yetu. Linasema tena kwamba asilimia 70 wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangepimwa na kutibiwa vizuri, lakini katika inchi maskini zaidi ya robo tatu hawapati matibabu yanayofaa. Kwa hiyo mtoto aliyefikia dawa ni mtoto ambaye amevuka mto wenye mamba. Kumpoteza ng'ambo kwa sababu hakuna aliyemwambia mama kwamba ufizi utavimba, hiyo ni aibu yetu.

Na msidhani watu wa Afrika wanashindwa kufuata dawa. Kule Mahenge, Tanzania, daktari Louise Jilek-Aall alianza kliniki ya kifafa katika milima mwanzoni mwa miaka ya 1960, na watu waliokuwa wametengwa na kuungua motoni walirudi kulima. Kenya nayo, mwaka 1991, gazeti The Lancet lilichapisha kazi iliyofanyika Nakuru: wagonjwa 302 walitibiwa kwa fenobarbitali ama karbamazepini, kwa msaada wa watu wa kawaida wa vijijini waliofundishwa kuwafuata. Asilimia 82 walimaliza mwaka wa dawa, na zaidi ya nusu hawakuanguka tena katika miezi sita ya mwisho. Waliweza kwa sababu kulikuwa na mtu wa kubisha hodi na kuuliza: dawa inakufanyia nini?

Kuna wengine wanaokwenda upande wa pili. Wanasema basi fenitoini iondolewe kabisa, ni sumu. Hapana, na hao pia ninawapinga. Kila dawa ya kifafa ina deni lake. Fenobarbitali haivimbishi ufizi namna hiyo, ni rahisi, inakunywewa mara moja kwa siku, lakini kuna watoto inaowalaza darasani au kuwafanya wasitulie. Valproati, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Dépakine, ni nzuri kwa aina nyingi za kifafa, ila msichana akishika mimba akiwa anaikunywa, karibu mtoto mmoja kwa kumi anazaliwa na kilema, na wengine wengi wanachelewa katika akili. Karbamazepini haifai kila aina ya kifafa. Fenitoini yenyewe imeokoa watu wengi sana. Daktari akiona ufizi umezidi, anaweza kubadilisha: anaingiza dawa mpya pole, anaitoa ya zamani pole, kwa majuma. Mara nyingi ufizi unashuka katika miezi inayofuata. Ukikatwa na daktari wa meno huku mgonjwa bado anakunywa dawa ile ile na hasafishi mdomo, mara nyingi unarudi. Lakini mambo hayo yote yanaanzia pahali pamoja: mtu wa afya awe amemwambia mgonjwa afungue mdomo. Dakika moja, na taa ya simu.

Kwa familia mlio wakimbizi wa ndani, shida hii ina uzito wake. Mtu anapokimbia usiku hachukui karatasi za hospitali. Likasi inajua ukimbizi. Wazee wanakumbuka mwaka 1992 na 1993, kituo cha gari moshi kilivyojaa familia zilizofukuzwa majumbani mwao hapa hapa, kwa sababu tu ya kabila lao. Vijana wanakumbuka waliotoka Mitwaba, Pweto na Manono, ile tuliyoiita pembetatu ya kifo. Katika kila safari kama hiyo kuna watu wa kifafa waliokatika dawa njiani. Wakifika, wanachukua ile iliyopo. Leo ni fenitoini, mwezi ujao imekwisha wanapewa Gardénal, halafu duka la dawa linauza kitu kingine bila kuuliza. Kila badiliko la ghafla ni hatari.

Na njaa nayo inaingia hapo. Fenitoini ni dawa yenye njia nyembamba: ikipungua kidogo haizuii kifafa, ikizidi kidogo inamlevya mtu, anayumba, macho yanacheza, anatapika. Mtoto aliyekonda, mwenye protini kidogo katika damu, anaweza kulevywa na kipimo ambacho mtoto aliyeshiba anakibeba bila shida. Nimewasikia watu wakisema mtoto wa aina hiyo amelewa pombe. Hakulewa pombe, jamani. Mpelekeni apimwe.

OMS na HCR walitoa mwaka 2015 kitabu cha kuongoza watu wa afya wanaofanya kazi katika vita na maafa, na kifafa kimo ndani. Kwa hiyo mashirika yanayokuja na mabango yao hayawezi kusema kifafa si kazi yao. Nimeona vifurushi vya usafi vikigawiwa kwa waliokimbia: ndoo, sabuni, kitambaa, chandarua. Mswaki sikuuona ndani ya vile nilivyofunguliwa. Nilipouliza kwa nini, kijana mmoja mwenye gileti alinijibu kwamba orodha imetoka juu. Sasa mimi nitamwambia aliye juu. Mwaka 2021 OMS yenyewe iliiweka dawa ya kusugua meno yenye floridi katika orodha ya dawa za lazima. Katika ile ile ambamo fenitoini imeandikwa. Basi kama vyote viwili ni vya lazima, nani aliyeamua kwamba familia ya Kikula itapata kimoja tu, tena kile kinachovimbisha ufizi, na kukosa kile kinachousaidia?

Nitaeleza wazi ninachokitaka, ili mtu asiseme mwandishi analia tu. Nataka yeyote anayeandika fenitoini amwambie mgonjwa au mzazi siku ile ile ya kwanza, kwa Kiswahili, si kwa Kifaransa cha haraka haraka: ufizi unaweza kuvimba, sugua meno asubuhi na usiku, ukiona umevimba rudi, usiache dawa. Hizo ndizo zile sentensi tatu nilizozitaja. Nataka mdomo utazamwe kila mgonjwa anaporudi kuchukua vidonge. Nataka mswaki utolewe pamoja na kidonge cha kwanza, na hili naliambia kila shirika na kila mwenye kupanga mali ya afya katika mji huu. Na wenye maduka ya dawa pembeni ya soko: mnauza dawa ya ubongo kama mnavyouza karanga, kidonge kimoja kimoja katika karatasi ya daftari, bila jina juu yake. Mgonjwa akija kesho akiulizwa anakunywa nini, atajibu "ile nyeupe". Andikeni jina la dawa. Kalamu haina bei kubwa.

Kwa wanaombea wagonjwa nina neno fupi. Ombeni. Hakuna anayewakataza. Lakini atakayemwambia mzazi aache vidonge ili imani ionekane, aje pia akae na mtoto usiku wa nne.

Na sisi wakaaji tusijiweke pembeni. Nimekuta hapa Kikula watu wanaomtia kijiko katikati ya meno mtu aliyeanguka, ati asijing'ate ulimi. Meno mengi ya watu wa kifafa yamevunjwa na kijiko hicho, si na ugonjwa. Usitie kitu mdomoni. Ondoa mbabula, ondoa mawe, mlaze kwa ubavu, weka nguo laini chini ya kichwa, tazama saa. Povu lake haliambukizi. Unaweza kumgusa, unaweza kumfuta uso. Mtoto ambaye watu wamekimbia mate yake, halafu wakacheka meno yake, atajifunza kunyamaza, na mtoto anayenyamaza hawezi kukuambia kwamba ufizi unamwuma.

Asiye na mswaki atumie kijiti cha kutafuna, kile cha wazee, akitafune mpaka ncha iwe kama brashi, asugue taratibu pale jino linapoingia katika nyama. Ufizi utatoa damu siku za kwanza. Wengi wanaacha hapo kwa hofu, wakati hapo ndipo pa kuendelea. Maji ya bomba yakikatika, kikombe kimoja kinatosha kwa kinywa cha mtu mmoja. Mliokimbia, chukueni karatasi, mwandikieni mtoto jina lake, jina la dawa, miligramu na saa ya kuinywa, mshonee karatasi hiyo ndani ya nguo kama mnavyomshonea pesa za safari. Pakiti tupu msiitupe. Hiyo nayo ni ushahidi.

Kuhusu daktari wa meno, najua mtaniuliza yuko wapi. Katika sehemu yetu ya Afrika hakuna hata daktari wa meno mmoja kwa kila watu elfu kumi, na hapa Likasi kumpata ni safari na pesa. Ndiyo maana sisemi juu ya waya za kunyoosha meno. Nasema juu ya mswaki, foliki, macho ya muuguzi, na ukweli kuambiwa mapema. Hivyo vinne havihitaji daktari wa meno.

Mama wa Mitwaba amekwisha kurudi kwa daktari. Mtoto amerudishiwa dawa, na ameambiwa kwamba wataibadilisha pole pole ikiwa ufizi hautashuka. Mkono unafungwa kitambaa safi kila siku mbili. Aliniuliza kama lile jino lililogeuka litarudi pahali pake. Nilimjibu kama nilivyoelezwa: ufizi ukishuka, meno mengine yanarudi kidogo yenyewe, mengine hayarudi bila fundi. Alinyamaza kidogo, halafu akamwita mtoto, akamwonyesha mswaki mpya ulionunuliwa na mwenye nyumba, akamwambia: "Huu ni wako peke yako, usiwape wadogo zako." Siku ya nne ijayo wanarudi kwa kipimo. Nitakwenda nao, na swali la vidonge vya foliki nitaliuliza mimi mwenyewe. Jibu nitawaletea hapa, liwe zuri ama baya.